Mkuu wa Msafara na Lifti ya Mke Wake

Jumapili, 2 Februari

Siku yenyewe! Leo tunahama nchi. Mke wangu kapewa kituo cha kazi ng'ambo, kusimamia ufungaji wa lifti katika hospitali mpya. Akipita kipindi cha majaribio, tunakaa miaka miwili. Yeye ndiye fundi mkuu. Mimi nimejiteua Mkuu wa Msafara.

Mama mkwe, aliyekuja kutusindikiza uwanja wa ndege, akauliza kwa sauti iliyofika hadi maegesho ya magari, kwani huyu mkwe wangu anakwenda kufanya nini huko? Nikamjibu kwa heshima zote kwamba msafara bila kiongozi ni kundi la watu waliopotea. Akasema hata wenye kiongozi hupotea, inategemea kiongozi. Mkwe hajibiwi mara mbili.

Mpango wa mizigo ulikuwa wangu. Sanduku lina kikomo cha uzito, mwili hauna! Nikavaa suruali nne, mashati sijui mangapi, makoti mawili, na mfuniko wa sufuria ya presha tumboni. Mke wangu alikataa kuvaa hata skafu ya ziada. Hana maono.

Mlango wa ukaguzi ukapiga kelele. Askari akaniambia nivue koti. Ukapiga tena. Nivue la pili. Ukapiga tena. Binti yetu ana miaka sita, na kwa mdomo wake tunamwita Kasuku. Akageuka mtangazaji wa mpira. Bado! Baba ana suruali nyingine! Foleni nzima ikawa inapiga makofi kila nguo iliposhuka. Mfuniko ulipotoka, walishangilia. Mdogo wake, Kifurushi, ambaye ndiyo kwanza anatambaa, alilala usingizi mzito katikati ya aibu yote.

Tumepita. Mfuniko upo. Sufuria yenyewe tumeisahau kwa mama mkwe.

Jumatano, 5 Februari

Tumefika salama. Nyumba nzuri. Vyumba viwili, jiko jembamba kama soksi, na dirisha linalotazama paa la duka la matairi. Kasoro moja tu. Tuko ghorofa ya nne na jengo halina lifti! Fundi wa lifti anapanda ngazi! Nilicheka sana, peke yangu, hadi nilipokabidhiwa masanduku.

Hapo ndipo adui alipojitokeza. Anakaa mlango unaotazamana na wetu. Ni msema Kiswahili mwenzetu, alikuja hapa zamani kumfuata mkewe aliyehamishwa kikazi, hali yetu moja. Lakini mtu gani huyu! Shati limepigwa pasi. Jinzi imepigwa pasi. Nashuku hata soksi. Nimemwita Bwana Pasi. Alibeba masanduku mawili kwa mpigo bila kuhema, akamkaribisha mke wangu kwa kumwita shemeji, na mimi akaniita ndugu yangu. Ndugu yangu! Tumejuana lini? Kifurushi, aliyelia tangu kwenye ndege, alipobebwa na yule bwana akanyamaza papo hapo. Msaliti.

Bwana Pasi ana watoto pacha wa kiume. Wakatuamkia kwa lugha tatu. Nikawaitikia kwa moja, tena kwa ufupi.

Akajitolea kunifundisha lugha ya hapa. Nikakataa kwa upole wenye meno. Nimeshaanza mwenyewe! Neno la kushukuru nimelinasa kwa dereva wa teksi aliyetuleta, na nalitumia kila mahali. Watu wa hapa wana adabu ya ajabu. Ukiwashukuru tu, wanakimbilia kukufungulia mlango. Dukani hivyo. Benki hivyo. Muuza magazeti hana mlango, ana meza na mwavuli, lakini nilipomshukuru aliangaza huku na huku kama anautafuta.

Jumatatu, 10 Februari

Kasuku kaanza shule, darasa moja na wale pacha. Begi limemzidi mwili. Langoni aling'ang'ania kidole changu kama mtu anayening'inia. Nikamwambia kifua mbele, mwanangu. Akaenda kifua mbele, macho nyuma.

Mchana nikamfuata. Mwalimu wake ni mwanamke mrefu anayelazimika kuinama mlangoni. Akasema maneno mengi, Bwana Pasi akatafsiri ingawa hakuna aliyemtuma. Binti yetu hakutamka neno siku nzima. Si jina lake, si maji, si choo. Nikamwambia Bwana Pasi awaulize kama wana hakika ni mtoto huyuhuyu. Mtoto aliyemchosha rubani!

Njiani kimya. Ghorofa ya kwanza kimya. Ghorofa ya pili akafunguka kama bomba. Dawati lina shimo, mmoja wa pacha anakula kifutio, mwalimu anapiga chafya kama mbuzi. Hadi tunafika mlangoni nilikuwa najua ukoo mzima wa kila mwanafunzi.

Mke wangu alirudi jioni, grisi shavuni, akauliza siku imeendaje. Nikasema vizuri sana, kuna jambo dogo tu, naliwekea mpango. Aliposikia neno mpango akakaa chini.

Alhamisi, 13 Februari

Siku nne za shule na mtoto bado bubu. Nikafikiri kwa kina. Nani duniani anaweza kumtazama Kifurushi akanyamaza? Kasuku hasa! Akimwona tu lazima amkemee, amsifu, amsimulie mambo. Basi nikamchukua Kifurushi kama chambo, nikambeba hadi shuleni, nikamwachilia darasani kwa kupitia mlango wa nyuma, nami nikajibanza.

Alitambaa vizuri. Darasa likapiga yowe la furaha. Kasuku akainuka, akafungua mdomo... nikafunga macho kwa shukrani... akaufunga. Kifurushi akaendelea hadi mbele, akashika sketi ya mwalimu ili asimame, akatapika ndani ya kiatu chake.

Nikamshukuru mwalimu kwa lugha yake, kwa msisitizo, mara kadhaa. Akaufungua mlango wazi kabisa, akanionyesha. Adabu hadi wakati wa msiba!

Bwana Pasi alikichukua kiatu kile shuleni alipowafuata pacha, akanionyesha jioni, kimeoshwa na kung'arishwa, ati anampelekea mwalimu kesho, nisijali. Nilijali sana.

Jumapili, 16 Februari

Leo sina mzaha. Tulikuwa jikoni, mimi nakaanga mayai, mke wangu anakunja nguo za watoto. Kasema kwa sauti ndogo kwamba pengine tulikosea. Kazi hii aliiota tangu akiwa mwanafunzi anashika taa kwa ajili ya mafundi wengine. Lakini ndoto ni yake, na anayeilipa ni mtoto. Mwezi huu ukiisha Kasuku bado kanyamaza, ataiomba ofisi iturudishe nyumbani.

Mayai yakaungua. Nilitaka kumwambia kitu cha maana, nikamwambia mayai yameungua.

Nimemtazama akipanda ngazi kila jioni amechoka, lakini anaimba. Nyumbani alikuwa haimbi. Huyu mtu harudi! Mkuu wa Msafara kasema.

Jumanne, 18 Februari

Kila Ijumaa mzazi mmoja anawaonyesha watoto kazi yake. Ijumaa iliyopita mke wa Bwana Pasi aliwaonyesha mashine ya kuhesabia, watoto wakafurahi. Kuhesabia! Ijumaa hii ni zamu yetu.

Mpango ukanijia wote mzima, nikiwa namenya viazi. Darasa zima litapanda lifti ya mama yake Kasuku! Si picha, si maelezo, lifti yenyewe, ile kubwa ya kubebea vitanda vya wagonjwa. Kasuku ataona fahari. Fahari itapanda kifuani, itafika kooni, mdomo utafunguka. Ni sayansi.

Mke wangu simwambii. Ana mambo mengi, tena Ijumaa saa sita wakubwa wa hospitali wanakuja kukagua. Sisi tutaingia asubuhi, tutatoka, mezani jioni nitampa habari njema pamoja na chai.

Mwalimu nilimweleza kwa kuchora ubaoni. Sanduku, watu ndani, mshale kwenda juu. Alinitazama kwa huruma, akanishika bega. Baadaye nikajua alidhani kuna mtu wetu amefariki. Bwana Pasi akarekebisha, na sasa naye anakuja. Kama mkalimani. Nani kamwomba?

Ijumaa, 21 Februari

Naandika mkono ukiwa bado na ganzi.

Kifurushi nilimwacha kwa jirani wa chini. Tulichelewa kwa sababu watoto kumi na wawili ni vyoo kumi na viwili. Mlinzi wa langoni, ambaye tunamwita Kofia ya Njano, ananifahamu kwa sababu mimi humletea mke wangu chakula cha mchana. Nikamwonyesha watoto, nikamwonyesha juu, nikasema Mhandisi, maana ndivyo wanavyomwita mke wangu, kwa sauti ya mtu aliyepewa ruhusa. Akatugawia sote kofia ngumu, akatupitisha. Za watoto ziliwafika puani.

Lifti ilikuwa nzuri jamani! Kuta zinang'aa, vitufe vinawaka. Tukaingia wote. Watoto, Mwalimu Mrefu, Bwana Pasi na suruali yake yenye mkunjo wa kukatia mkate, na mimi. Tukapanda taratibu. Nikamtazama Kasuku. Alikuwa anatabasamu. Mdomo umefungwa, lakini anatabasamu! Bado kidogo tu, nikasema. Ongeza fahari!

Nikapiga kifua, nikaonyesha kuta, nikaonyesha sakafu, kwamba lifti ya mke wangu ni imara. Na ili waelewe vizuri, nikaruka.

Mtu mzima akiruka, watoto watafanya nini?

Waliruka wote kwa pamoja. Lifti ikasema TAK! kutoka mahali fulani chini ya miguu yetu, ikatikisika, ikasimama. Vitufe vikazimika. Pacha mmoja akaanza kulia, wa pili akamsaidia, na mara darasa zima likawa msiba mmoja. Mwalimu alikuwa anabembeleza watatu kwa mikono miwili. Bwana Pasi akawa rangi ya majivu, akateleza na ukuta hadi sakafuni, akakaa akikunja magoti. Suruali ikakunjamana yote. Kumbe anaogopa mahali palipofungwa! Nilisubiri furaha inijie. Haikuja. Nikakaa karibu yake, nikamshika mkono. Akanibana vidole hadi vikafa.

Juu yetu tukasikia sauti za mafundi. Nikapaza sauti kuwashukuru mapema, kwa lugha yao, ili waongeze bidii. Wakajibu kwa ukali. Nikawashukuru zaidi. Wakajibu kwa ukali zaidi.

Ndipo mtu akapiga kelele ndani ya lifti, kwa lugha ya hapa, sauti nyembamba, kali, isiyo na mzaha. Watoto wote wakakaa chini kama wamekatwa magoti. Nikageuka kumtafuta. Alikuwa Kasuku wangu! Mikono kiunoni, kofia puani!

Nikamuuliza Bwana Pasi kasema nini. Akanong'ona, bado macho yamefumbwa, kwamba kasema kaeni chini wote, atakayeruka tena namshtaki kwa mama yangu.

Kisha Kasuku akanigeukia. Hapa nanukuu, maana sitasahau.

"Baba, acha kuwapigia kelele mafundi. Hilo neno si asante. Ni mlango."

"Mlango?"

"Unawaambia mlango, mlango, mlango. Wao wanasema wanajua!"

Sikuwa na pa kuuweka uso. Yeye akabonyeza kitufe cha kengele ya dharura, akasubiri. Sauti ya mke wangu ikatoka ukutani, ikiuliza kwa lugha ya hapa nani yuko ndani.

"Mama, ni mimi. Tumekwama. Baba aliruka."

Ukuta ukanyamaza kidogo.

"Baba yupi?"

"Wetu."

Ukuta ukanyamaza sana.

Halafu mke wangu akaanza kueleza, taratibu, kama anavyomwogesha mtoto. Kwamba lifti ikihisi mtikisiko mkubwa, breki zake hujishika zenyewe kwenye reli za pembeni. Zimeshika. Haiwezi kuanguka. Hewa ipo. Yeye anakuja. Kila alipomaliza sentensi, Kasuku akaigeuza kwa lugha ya wenzake, akimkazia macho kila anayetaka kulia. Maelezo yalipokwisha akaona bado midomo inatetemeka, basi akawasimulia habari nyingine ndefu, kwa mikono na miguu. Watoto wakaanza kucheka. Mwalimu akacheka hadi kofia ikamdondoka. Hata Bwana Pasi, majivu na yote, akacheka. Nikamuuliza anasimulia nini. Akasema ni habari ya suruali zangu pale uwanja wa ndege.

Milango ikafunguliwa. Sakafu ya nje ilikuwa usawa wa kifua changu. Mke wangu alikuwa amepiga magoti, mkanda wa zana kiunoni, akiwapokea watoto mmoja mmoja. Nyuma yake wamesimama wakubwa wa hospitali, wamefika kukagua, na kiongozi wao ni mama mmoja mwenye miwani mikubwa na uso wa mtu asiyependa kushtukizwa. Mama Miwani akamuuliza kitu. Bwana Pasi akanitafsiria kwamba anauliza kama Mhandisi alikuwa na hakika breki zingeshika.

Mke wangu akamwinua Kasuku, akamwonyesha.

"Mwanangu alikuwa humo ndani," akasema, "na mikono yangu haikutetemeka."

Mama Miwani akaitazama mikono ile. Akaitikia kwa kichwa, mara moja tu.

Kisha mke wangu akanitazama mimi. Hapo mikono yake ikaanza kutetemeka.

Jumamosi, 22 Februari

Nimepigwa marufuku kuingia katika lifti yoyote iliyopitiwa na bisibisi ya mke wangu, kwa maisha yangu yote. Nimekubali. Nchi hii ina ngazi nyingi.

Alipomaliza kunisema, na alichukua muda, alimpakata Kasuku na kumuuliza kwa nini siku zote alinyamaza shuleni ikiwa lugha anaijua. Mtoto akajibu bila wasiwasi. Kwenye ndege baba alimwonya asifungue mdomo mbele ya wageni hadi aijue lugha yote, asije akachekwa. Akataka kujaribu mapema, lakini akamwona baba dukani anavyosema mlango, mlango, akaona kweli, bora angoje.

Mke wangu akanigeukia pole pole. Nikamkumbusha kwamba tatizo limekwisha, na aliyeleta ufumbuzi ni nani? Nani aliyeruka? Mtu asiyeruka angeona matokeo haya? Akafungua mdomo kunijibu, na badala ya maneno kikatoka kicheko. Alicheka hadi akalala juu ya nguo alizokuwa anazikunja. Kasuku akacheka kwa kumfuata, Kifurushi akapiga makofi. Sikumbuki mara ya mwisho sebule yetu kusikika hivyo. Nikawaacha wacheke. Kiongozi huwapa watu wake burudani.

Jioni Bwana Pasi akagonga. Alileta mashati yangu, yale yaliyokuwa kwenye kamba ya pamoja ya kuanikia, yamepigwa pasi yote, hadi kola. Akasema ni asante kwa kumshika mkono. Hajamwambia mtu yeyote kuhusu hofu ile, hata mkewe hajui. Nikamwambia, ndugu yangu, hata mimi sijui kitu. Tukanywa chai. Ni mtu mzuri kiasi. Pasi yake lakini ina kiburi.

Jumatatu, 24 Februari

Ushindi! Hospitali imeipokea lifti. Mke wangu kathibitishwa kazini, miaka yote miwili. Alipanda ngazi akiimba kwa sauti hadi jirani wa chini akafungua mlango kusikiliza. Mama mkwe tumempigia simu. Kasema Mungu mkubwa. Jina langu halikutajwa, lakini ndivyo wakubwa wanavyoficha shukrani.

Kasuku kahamishwa dawati. Anaongea mno. Mwalimu kaomba nyumbani tumsaidie kupunguza. Nimemwahidi nitaweka mpango, na mke wangu akasema hapana kabla sijamaliza neno.

Hata hivyo leo shuleni wametafuta mzazi wa kuwasimamia watoto bwawani, maana muhula huu wanajifunza kuogelea. Bwana Pasi kajiandikisha kushika taulo. Taulo! Nikamhurumia. Mimi nikanyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza, nikaeleza kwa ishara kwamba nyumbani nilikuwa bingwa wa mtindo wa kipepeo, na kwamba nilipewa kikombe. Kasuku akataka kutafsiri kitu kingine, nikamziba mdomo kwa upendo.

Ni kweli sijawahi kuingia kwenye maji yanayopita magoti. Lakini kuogelea kuna ugumu gani? Chura anaweza, na hajasoma popote. Kesho, mke wangu akishatoka, naanza mazoezi katika beseni la Kifurushi.